Jitahidi, mtoto wangu

Jumatatu tarehe 28 Julai 2025 jirani yangu wa kibanda pale sokoni Birere, hapa Goma, alifika mapema, akapanga masufuria yake bila kunisalimia, kisha akapindua ndoo, akaikalia, akanigeukia.

"Yaya, dada yangu, nikuulize kitu moya. Ile jihadi yenu, inatakaka nini kwetu?"

Mimi nauza vikwembe, yaani vitenge, yeye anauza vyombo. Ni mtu wa Oicha, upande wa Beni, muumini wa CBCA, kanisa la Kibaptisti, mwimbaji wa kwaya. Kwa miaka tisa ameniangalizia kibanda kila ninapokwenda kusali adhuhuri na alasiri, nami nimemwangalizia chake siku za mazoezi ya kwaya. Hajapotea hata uzi. Kwa hiyo swali lake halikutoka kwa mtu wa kando. Usiku wa kuamkia Jumapili, huko Komanda, Ituri, waasi wa kundi la ADF walikuwa wameingia katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite, waumini wakiwa kwenye mkesha wa sala, wakaua watu zaidi ya 40, watoto wakiwemo. Wengi walikuwa vijana wa Krusade ya Ekaristi, chama cha watoto na vijana Wakatoliki. Na yeye mwenyewe, miaka minne kabla, alimpoteza mdogo wake kule kwao, aliyekatwa panga akiwa shambani.

Nilimjibu haraka, kama tunavyojibu wote: "Ile si jihadi."

Akatikisa kichwa. "Lakini benyewe njo vile banasemaka." Yaani, wenyewe ndivyo wanavyosema.

Nilikuwa nimeshika kikwembe nilichokuwa nakikunjua. Nikakikunja tena. Siku nzima sikupata la kuongeza. Tangu waasi wa M23 waingie mjini mwishoni mwa Januari mwaka huo benki zilikuwa zimefungwa, wateja walipita wakagusa nguo na kwenda zao, na mtu alibaki na saa nyingi za kuwaza. Niliwaza hilo. Ninayoandika hapa ni jibu nililomdai Mungu anisaidie kulipata, kwa sababu nilihisi jirani yangu hawezi kuendelea kukaa na mimi ubavuni kwa jibu la maneno matatu.

Nianzie nyumbani, maana neno lile nililisikia kwanza nyumbani, na aliyelisema hakuwa Mwislamu.

Mama yangu ni Mkatoliki wa Bukavu, Mshi. Baba alikuwa Mwislamu wa Kasongo, Maniema, aliyefika Kivu akifuata biashara ya nguo. Qurani inamruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wa watu wa Kitabu, na hakuna mahali inaposema kwamba mke huyo aache dini yake mlangoni. Mama hakuiacha. Aliendelea na rozari yake, misa yake, na mwezi wake wa Mei wa Bikira Maria. Sisi watoto tulipelekwa chuoni kwa maalimu kujifunza alifu na bee, na ni Mama aliyetuamsha, akatuvisha kanzu na mitandio, akatusimamia tunawe. Nilipokaribia Egzetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mwaka 2006, kila alfajiri aliniambia neno moja: "Jitahidi, mtoto wangu. Jitahidi."

Maalimu wangu, ambaye sasa ni mzee sana na haoni vizuri, ndiye aliyenionyesha jambo ambalo tunalo kinywani kila siku bila kulitazama. Jihadi, juhudi, jitihada, kujitahidi: yote hayo yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, jim-ha-dal, wenye maana ya kutumia nguvu zako zote, kujibidiisha mpaka uchoke. Waswahili tuliyapokea maneno hayo kwa mafungu. Juhudi tukawapa wanafunzi na wakulima. Jitihada tukawapa viongozi na waganga. Pasta wa jirani yangu huwaambia waumini wake wafanye juhudi katika sala, na hakuna anayeshtuka. Ila jihadi tuliiacha kwenye kona peke yake, na waliokuja kuiokota kwenye kona hiyo walikuja na mapanga.

Nilipomweleza jirani hilo, siku ya pili, alinisikiliza. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akaniuliza kama najua Krusade maana yake nini. Nilijua: vita vya msalaba, Wakristo wa Ulaya walioteka Jerusalem mwaka 1099 na kuua watu wake, Waislamu na Wayahudi. Lakini hapa kwetu mtoto wa Krusade ni mtoto mwenye sare safi anayeimba Jumapili na kwenda kuwatembelea wagonjwa. Watoto wa Komanda walibeba jina la vita bila vita ndani yake. Akasema: "Sisi tulilifua lile neno. Ninyi, ju ya nini lenu halifuliki?"

Nililala na swali hilo.

Jibu rahisi lipo, na watu wengi wa mimbari hulitumia: kwamba jihadi ni kupambana na nafsi tu, basi. Wanataja maneno yanayosemwa kuwa ya Mtume, kwamba alirudi kutoka vitani akasema tumetoka kwenye jihadi ndogo kuja kwenye jihadi kubwa. Nilimuuliza Maalimu. Alinyamaza kidogo, akaniambia wataalamu wa hadithi wameyapima maneno hayo na kuona mapokezi yake ni dhaifu, na kwamba haki haitetewi kwa dalili dhaifu. Kuna iliyo imara zaidi, iliyomo kwa Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi: mujahidi ni yule anayepambana na nafsi yake. Lakini hata hiyo haifuti kwamba katika Qurani kuna kupigana, kwamba Mtume alipigana, kwamba vitabu vya fikihi, yaani sheria za dini, vina mlango mzima wa jihadi na mlango huo unazungumzia vita. Jirani yangu hakustahili kudanganywa. Ningemwambia hakuna vita katika dini yangu, angetoka hapo akafungua simu yake na kuikuta aya ya tano ya Suratut Tawba, ile ya kuwaua washirikina popote muwakutapo, na asingeniamini tena.

Kwa hiyo nilimsomea hiyo hiyo. Inawazungumzia washirikina waliovunja mikataba na Waislamu, na aya inayotangulia inawatoa kwa wazi wale walioshika ahadi zao. Kisha nikamsomea ya sita, inayofuata papo hapo, ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa na wanaoitaja ya tano: kwamba mmoja wa washirikina hao akikuomba ulinzi, mpe ulinzi mpaka asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha umfikishe mahali pake pa amani. Haisemi umpe ulinzi akisilimu. Umfikishe kwake salama, akiwa na ushirikina wake.

Na ya kwanza kabisa iliyoruhusu Waislamu kushika silaha ni ipi? Miaka 13 huko Makka walipigwa, wakafukuzwa, wakauawa, na hawakuruhusiwa kujibu. Ruhusa ilikuja katika Suratul Hajj, aya ya 39 na 40. Nitaieleza kwa Kiswahili changu: wameruhusiwa wanaopigwa vita, kwa kuwa wamedhulumiwa, waliotolewa majumbani mwao bila haki. Halafu aya inatoa sababu. Lau Mwenyezi Mungu asingewazuia baadhi ya watu kwa wengine, zingebomolewa nyumba za watawa, na makanisa, na mahekalu ya Mayahudi, na misikiti, ambamo jina la Mungu hutajwa kwa wingi.

Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni, naijua kwa moyo, na sikuwahi kusimama nikaitazama. Makanisa yanatajwa, na yanatajwa kabla ya misikiti. Sasa mtu anachukua ruhusa iliyotolewa kwa sababu hiyo, anakwenda nayo Kasindi Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, analipua bomu katika kanisa la Wapentekoste wakati wa ibada ya ubatizo. Anakwenda nayo Komanda. Nilipoifikia sehemu hiyo mbele ya jirani yangu sauti yangu ilikatika, na sioni aibu kusema hivyo.

ADF hawakuzaliwa msituni kwetu. Walitoka Uganda katika miaka ya 1990, wakavuka Ruwenzori, wakakaa upande wa Beni, wakafanya biashara, wakaoa. Kiongozi wao wa kwanza, Jamil Mukulu, alilelewa katika Ukristo akasilimu. Alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Aliyemrithi, Musa Baluku, akalipeleka kundi chini ya bendera ya Dola ya Kiislamu, na tangu 2019 mauaji ya Beni hutangazwa kwa jina hilo. Lakini mapanga yalianza kabla ya bendera: mauaji makubwa ya Beni yalianza Oktoba 2014. Waliotekwa na kuponyoka wamesimulia jinsi walivyolazimishwa kusilimu kambini. Na Qurani, Suratul Baqara, aya ya 256, inasema hakuna kulazimishana katika dini. Mtoto wa chuoni mwenye miaka saba anaijua.

Kuna mtu mmoja lazima nimtaje. Shehe Ali Amini wa Beni alisema wazi, hadharani, kwamba mauaji yale si dini. Jumamosi tarehe 1 Mei 2021, katikati ya Ramadhani, alipigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa Beni, wakati wa sala ya usiku. Kabla Mei haijaisha imamu mwingine aliuawa huko Mavivi. Mtume aliulizwa jihadi iliyo bora ni ipi, akasema ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Shehe hakuwa mbele ya mtawala. Alikuwa mbele ya watu ambao hawana anwani, wanaoingia usiku, na alisema lake. Kama neno jihadi lina mwenyewe hapa Kivu, ni yeye.

Jirani yangu hakuwa anajua kwamba mashehe wameuawa. Jambo hilo lilinichoma kuliko swali lenyewe. Tunaishi mji mmoja, tunakula sambaza za ziwa moja, na vifo vyetu havifiki upande wa pili wa turubai.

Niseme pia yetu mabaya, maana Baba alikuwa wa Maniema na asingenisamehe kuyaruka. Uislamu ulifika Kongo kwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Kasongo na Nyangwe, ilikoanzia misikiti ya mababu zangu, ndiko yalikokuwa masoko ya wafanyabiashara waliotoka pwani, akina Tippu Tip na wenzake. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao walifyatua bunduki katika soko la Nyangwe, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza. Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uingereza, alikuwepo, aliandika alichokiona. Mimi ni mwanamke wa sokoni, na kila nikikumbuka habari hiyo najiuliza waliofyatua walisali alasiri siku hiyo au hawakusali. Hawakuiita jihadi, ilikuwa biashara. Lakini waliokimbia hawakuwa na nafasi ya kutofautisha, na wajukuu wao wanapotutazama kwa wasiwasi wana kumbukumbu ndefu.

Kuhusu kuvumiliana kidini, sipendi neno hilo. Katika mikutano ya dini mbalimbali, iliyojaa hapa Goma tangu vita vianze, ndilo linaloandikwa kwenye bango: uvumilivu. Mimi navumilia njaa. Navumilia jino. Je, namvumilia Mama? Aya ya nane ya Suratul Mumtahina inawazungumzia watu wa dini nyingine wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu, na haitumii uvumilivu. Inasema Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu. Neno la wema pale ni birri, lile lile linalotumika kwa wema wa mtoto kwa wazazi wake. Mafundisho hayo ni makali kuliko uvumilivu. Kumvumilia mtu ninaweza huku nimempa mgongo.

Na hapa ndipo Maalimu aliponionyesha jambo kubwa. Suratu Luqman, aya ya 15. Mungu amekwisha kumwusia mtu kuhusu wazazi wake, mama aliyembeba katika udhaifu juu ya udhaifu, kisha anasema: wakikushikilia umshirikishe Mungu na usichokuwa na elimu nacho, usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Hilo "wakikushikilia" kwa Kiarabu ni jahadaka. Ni kitenzi cha jihadi. Waliofanya jihadi katika aya ile ni wazazi washirikina, wakijitahidi kumtoa mtoto wao katika Uislamu! Na jibu la Mungu kwa jihadi yao ni kwamba mtoto asiwatii, na akae nao vizuri. Asma binti Abubakari alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume kama amuunge. Akaambiwa ndiyo, muunge mama yako. Na kijana aliyekuja kuomba ruhusa ya kwenda vitani aliulizwa wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Basi fanya jihadi yako kwao.

Mama hakuwahi kunishikilia nirudi kwake. Alipenda ningekuwa mtawa, alinieleza mara moja tu, nikiwa na miaka kumi, na hakurudia.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, Mama alikuwa Bukavu kwenye matanga ya mama yake. Nilikuwa na miaka 14. Moto ulishuka ukakata mji vipande viwili, ukameza katikati ya mji, ukachoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu ambamo Mama alizoea kusali. Sisi tulikimbilia Gisenyi na watu wote. Baba alikuwa na mikono miwili na watoto watano. Alimbeba mdogo wetu mgongoni. Mkoba wa vyeti alinipa mimi. Msahafu aliuweka kifuani ndani ya shati. Kisha akarudi ndani, nikasikia anahamisha kitu chumbani kwao, akatoka na mswala wake wa kusalia umefungwa kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na sanamu ya Bikira Maria ya Mama, ya plasta, yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko.

Baba hakuipenda sanamu ile. Kwa miaka yote aliyoishi nayo chumba kimoja alisali akiwa ameipa kisogo, na alitufundisha bila kumung'unya kwamba sanamu haiombwi. Njiani, karibu na mpaka, Mwislamu mwenzake aliyekuwa anakimbia pamoja nasi aliona uso unachungulia kwenye mswala akashangaa: "Mzee, hiyo nini?"

"Ni ya mama ya batoto," Baba alisema, akaendelea kutembea.

Wiki mbili baadaye Mama alipotukuta alishika sanamu kwanza, akaitazama kidole kilichovunjika, halafu ndipo akaanza kulia na kutuhesabu. Baba alifariki 2016. Sanamu iko kwa Mama mpaka leo, kidole kimegandishwa kwa gundi. Juzi nilipokwenda kumsomea aya ya Luqman akanikatiza: "Babako alinisomeaka hiyo. Na ile ya Mariamu." Nilipokuwa nazaliwa, yeye akiwa na rozari mkononi, Baba alikuwa nje ya mlango wa maternite anasoma Suratu Maryam. Ni sura ile ile aliyoisoma Jafar bin Abi Talib mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa Habash, mwaka wa 615 au karibu na hapo, Waislamu wa kwanza walipokimbia mateso ya Makka wakapokewa katika Afrika hii. Makuraishi, wakubwa wa Makka, walituma watu na zawadi ili warudishwe. Mfalme akakataa. Hawakuwa na msikiti, hawakuwa na jeshi, walikuwa wakimbizi ugenini kwa Wakristo, na wakaachwa wasali. Mtu wa Goma haelezwi hilo mara mbili.

Sikumwambia jirani yangu yote haya kwa mpigo. Ilichukua kama wiki tatu, katikati ya wateja, mvua na makelele ya motari. Nilimsimulia habari ya mswala na sanamu akaguna, akaniomba nimrudie sehemu ya mpaka. Aya ya Suratul Hajj aliniomba nimwandikie, nikamwandikia nyuma ya karatasi ya risiti, Kiswahili juu na Kiarabu chini. Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno: nyumba za watawa, makanisa, mahekalu, misikiti.

"Mudogo wangu hakukuwa ku kanisa," akasema. "Alikuwa ku shamba. Shamba iko mu hii aya?"

Shamba halimo. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia kuna maneno mengine, hayamo katika Qurani, ni wosia wa Abubakari, khalifa wa kwanza, alipokuwa anatuma jeshi Sham, upande wa Siria. Alimwagiza amiri wake: utawakuta watu waliojitenga kwa ajili ya Mungu, waache na walichojitengea. Usimuue mwanamke, wala mtoto, wala mzee. Usibomoe penye makazi. Usikate mti unaozaa matunda.

Alikaa kimya, karatasi iko juu ya goti.

"Alikuwa anavuna kakao," akasema. "Kakao inazaaka matunda."

"Ndiyo," nikasema. "Inazaa."